Mafuta yakimwagika ziwani: soma hii kabla mtu hajamwaga dawa

Mwaka juzi pale mwaloni kwetu, pale tunapoegesha mitumbwi, Ziwa Albert upande wa Uganda, mtumbwi uligonga jiwe usiku ukapinduka na jerikani tatu za dizeli zikafunguka zote. Asubuhi maji yote ya ile ghuba yalikuwa na rangi rangi kama upinde wa mvua na harufu inakuchoma pua. Kijana mmoja akakimbia dukani akarudi na pakiti za sabuni ya unga, mzee mmoja akasema mwageni tu, hata baharini kwenye meli kubwa ndo wanafanyaga hivyo, wanapiga dawa mafuta yanaisha. Wakamwaga, wakakoroga kwa makasia, na kweli baada ya muda ile rangi ikapotea, watu wakapiga makofi na mi nilipiga pia. Kesho yake watoto walioenda kuchota maji wakakuta samaki wadogo wadogo wamekufa, wameelea kwenye matete mstari mzima, muziri (dagaa wa huku kwetu) na vifaranga vya ngege (sato). Mama mmoja anayekausha muziri alikaa pale kwenye mchanga akiangalia tu bila kusema kitu, na mi toka siku hiyo nikaanza kusoma hii mambo ya dawa za kutawanya mafuta, maana niliona wazi hatukujua tulichofanya.

Kwa hiyo haya ni maelekezo kwa watu wa mialo, wavuvi, wenye mitumbwi, wanaouza mafuta kwa jerikani, viongozi wa BMU (kamati ya kusimamia mwalo), na yeyote anayekunywa maji ya ziwa. Si Albert peke yake, Victoria pia mafuta yanavushwa kwa meli toka Kisumu kuja upande wa Entebbe, na huku kwetu kuna visima vya mafuta vya Kingfisher pale Buhuka na vya Tilenga Buliisa, na mabomba ya Tilenga yanapita chini ya Nile. Ni vizuri kujua kabla.

Kwanza elewa dawa inafanya nini

Chukua sufuria uliyopikia nyama yenye mafuta mengi. Maji peke yake hayatoi yale mafuta, ukiweka sabuni yanaachia yanaingia ndani ya maji, maji yanakuwa meupe. Mafuta hayajaenda popote, yako ndani ya maji, na wewe unayamwaga nje. Sasa dawa ya kutawanya mafuta, wataalamu wanaiita dispasanti, ni ndugu yake sabuni: ina kitu kinachoshika maji upande mmoja na mafuta upande wa pili, alafu ina kiyeyusho cha kuisaidia iingie. Mawimbi yakipiga, mafuta yanavunjika kuwa matone madogo kuliko unene wa unywele, na matone ya hivyo hayarudi juu haraka, yanabaki yameelea ndani ya maji. Tofauti na sufuria ni moja tu, ziwa huwezi kulimwaga nje.

Hapo ndo pa kushika. Dawa haiondoi mafuta, inayahamisha toka juu kwenda ndani. Juu ya maji mafuta yanaua ndege, yanachafua matete na mchanga na nyavu. Ndani ya maji yanakutana na mayai ya samaki, vifaranga, planktoni (vile vijidudu na vimimea vidogo vinavyoelea majini), na kila kitu kinachopumua kwa matamvua. Sababu ya watu kuitumia baharini inaeleweka: matone madogo bakteria wanayala kwa urahisi zaidi, na kama uko mbali na pwani kwenye maji mengi ya kina, yale matone yanazimuliwa mpaka yanakuwa machache sana. Ni biashara ya kubadilishana, unamwokoa huyu unamweka yule hatarini, na mtu asiyekwambia hivyo hajakwambia ukweli wote.

Mfano wa kwanza mkubwa ni meli ya Torrey Canyon, ilipasuka karibu na Cornwall kule Uingereza mwezi wa 3 mwaka 1967 ikiwa na mafuta ghafi kama tani 120,000. Wakamwaga dawa kama tani 10,000, na dawa za wakati ule zilikuwa kali kweli, zilikuwa za kusafishia mashine. Wale konokono wanaong'ang'ania kwenye mawe, ambao kazi yao ni kula mwani, wakafa kwa wingi, mawe yakageuka kijani kwa mwani usio na wa kuula. Sehemu ambayo hawakumwaga dawa kwa sababu kulikuwa na sili (wanyama wa baharini), inaitwa Godrevy, ilirudi hali yake ndani ya miaka michache tu. Sehemu zilizomwagiwa sana zilichukua zaidi ya miaka 10. Mafuta ni yale yale, bahari ni ile ile.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Mwaka 1996 meli ya Sea Empress ilimwaga kama tani 72,000 kule Wales, wakatumia dawa za kisasa kwa ndege, mbali na pwani, kwenye mafuta mepesi na bahari iliyochafuka, na wengi walioichunguza wanakubali kwamba ilipunguza mafuta yaliyofika ufukweni. Kwa hiyo dawa si shetani kila mahali. Kitu kinachoamua ni wapi, lini, mafuta gani, na nani anaishi chini pale.

Alafu kuna Ghuba ya Mexico, mwaka 2010, mtambo wa Deepwater Horizon uliokuwa unachimba kisima cha mafuta chini ya bahari. Watu 11 walikufa, mafuta yalitoka siku 87, na wakatumia dawa karibu lita milioni 7, kama asilimia 40 yake wakaipuliza kule kule chini kisimani, kina cha kama mita 1,500, kitu ambacho hakikuwa kimefanywa kabla kwa kiasi hicho. Kemikali moja ya ile dawa ilikutwa bado iko kwenye maji ya kina siku 64 baada ya kuacha kupuliza, umbali wa kilomita 300. Wanasayansi mpaka leo wanabishana. Majaribio mengine yalionyesha mchanganyiko wa mafuta na dawa hauna sumu kuzidi mafuta peke yake, mengine kwenye vijidudu vidogo vya maji yakaonyesha mchanganyiko ni mbaya zaidi mara nyingi. Utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 32,000, wengi wao walioshiriki kusafisha, uliona kwamba waliokutana na dawa walilalamika zaidi kikohozi, kifua kubana, macho na koo kuchoma.

Kwa nini ziwa letu ni kesi tofauti

Nyingi ya hizi dawa zilitengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Ukiziweka kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama ya kwetu nguvu inashuka, unabaki na mafuta na dawa vyote viwili. Hiyo ya kwanza.

Ya pili, kina. Ziwa Albert pale pa kina kabisa ni kama mita 58, wastani kama 25, na ghuba ambazo mitumbwi inaegesha ni za kiuno au shingo tu. Kwa kawaida baharini kwenyewe hawapendi kupiga dawa kwenye maji yasiyofika mita 10, kwa sababu hakuna maji ya kutosha ya kuzimua. Sasa kwenye ghuba ya mita 2 ambako ndo ngege wanachimba viota vyao unategemea nini.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Bahari haichotwi kwa jerikani ikapelekwa jikoni. Ziwa linachotwa. Mafuta yakiwa juu unayaona unaacha kuchota, yakishatawanywa huyaoni, unachota, unapika, unampa mtoto. Na shika hii sana tafadhali: kuchemsha hakutoi mafuta, dawa ya klorini haitoi mafuta, kuchuja kwa kitambaa hakutoi mafuta.

Ya nne wengi hawaijui. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, yanaganda kwenye joto la kama nyuzi 40, ndo maana lile bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani kule Tanga ni la kupashwa moto zaidi ya nyuzi 50, bila hivyo hayatembei. Maji ya ziwa hayafiki joto hilo, kwa hiyo yakiingia ziwani yanaelekea kuganda mabonge mabonge kama mshumaa. Dawa haiingii kwenye bonge la nta, inateleza tu inaenda majini kuwadhuru samaki bure. Lakini hiyo hiyo nta ni nafuu yetu, bonge unaweza kuliokota, mafuta ya maji maji huwezi.

Sasa ufanye nini yakimwagika

Moto kwanza, kabla ya samaki na kabla ya kitu chochote. Mialo yetu tanuri za kukaushia samaki ziko karibu kabisa na maji, kuna mtu anakaanga chapati, kuna sigara, kuna enjini inawashwa. Kama ni petroli, zima kila kitu, sogeza watu waende upande upepo unakotoka, na usijaribu kuizungushia uzio wala kuikusanya, ukiikusanya unakusanya mvuke wa kulipuka. Petroli iache iruke yenyewe, inaisha haraka. Dizeli, oili chafu ya enjini na mafuta ghafi ndo tunaweza kuyashughulikia. Ukiwa hujui ni nini, harufu itakwambia kwa mbali, usiiname kunusa karibu.

Ziba kinachovuja kama unaweza bila hatari: simamisha jerikani, geuza mdomo juu, vuta mtumbwi nchi kavu. Inaonekana ni kitu kidogo lakini sikiliza hesabu hii, lita 1 ikitanda mpaka ikawa na ile rangi ya upinde wa mvua inaweza kufunika eneo la karibu nusu ya uwanja wa mpira. Maana yake ni mbili. Kila lita unayozuia ni kubwa, na pia ukiona rangi rangi eneo kubwa usipaniki ukadhani ni tanki zima limepasuka, inaweza kuwa jerikani moja. Rangi rangi ni nyembamba sana, dawa ikimwagwa pale inapita katikati inaingia majini, mafuta yanakimbia pembeni, watu wanadhani imefanya kazi. Penye hatari kubwa ni pale mafuta yanapoonekana na rangi yake halisi, kahawia au nyeusi.

Tuma mtu akazuie uchotaji wa maji na wanaooga, pande zote ambazo upepo unaelekea. Alafu piga simu: mwenyekiti wa BMU, LC1 (mwenyekiti wa kijiji), wanajeshi wa ulinzi wa uvuvi kama wako karibu, afisa mazingira wa wilaya, na NEMA (mamlaka ya mazingira ya taifa), na kama ni mafuta ghafi mwambie pia Mamlaka ya Petroli. Usiseme tu "kuna mafuta". Sema mahali, saa uliyoona, rangi yake, ukubwa kwa kulinganisha na kitu, upepo unaenda wapi, na kama bado yanatoka. Namba hizo ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya mwalo leo, usisubiri siku ya tukio ndo uanze kutafuta.

Kujua yataenda wapi si kazi ngumu. Mafuta yanafuata mkondo wa maji moja kwa moja, na juu yake upepo unayasukuma kwa kama asilimia 3 ya mwendo wake. Upepo wa kilomita 20 kwa saa utayapeleka kama mita 600 kwa saa. Kwa hiyo kama mwalo wa jirani uko kilomita 2 upande upepo unakoelekea, wana masaa matatu hivi, wapigie saa hiyo hiyo. Na kumbuka ng'ambo ile ni Kongo, nao ni watu wanaokunywa maji hayo hayo, na maji ya kaskazini yanatokea Pakwach yanaenda zake mpaka Sudan Kusini.

Uzio unaoelea mnaweza kutengeneza wenyewe. Mauritius mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipokwama kwenye matumbawe ikavuja kama tani 1,000, watu wa kawaida walijaza majani makavu ya miwa kwenye vitambaa na nyavu, wakafunga chupa tupu za plastiki zielee, wakashona kilomita kadhaa za uzio kwa mikono yao. Sisi tuna majani makavu ya ndizi, tuna makapi ya miwa kwa walio karibu na mashamba ya Masindi, tuna matete, tuna gugumaji likikauka vizuri, tuna nyavu kuukuu na jerikani tupu za kuelea. Jaza nyavu ziwe kama soseji ndefu, funga jerikani kila baada ya hatua mbili, funga mawe madogo chini isijiviringe. Weka mistari miwili, ule wa pili unashika kilichopita wa kwanza. Kabla ya kuukaza tupa kijiti majini uhesabu: kikienda zaidi ya mita 1 kwa sekunde tatu, mkondo una nguvu, usiuweke uzio ukaziba mkondo kama ukuta maana mafuta yatapita chini yake, uweke mshazari uyaongoze taratibu mpaka pembeni kwenye maji yaliyotulia, na huko ndo mkakusanyie. Linda kwanza mdomo wa matete na mahali pa kuchotea maji, mchanga mtupu utasafishwa baadaye.

Kukusanya: mabeseni, ndoo zenye tundu chini ili maji yatoke mafuta yabaki, majani makavu yanayofyonza. Mabonge ya nta yachote kwa nyavu za matundu madogo au kwa reki. Vaa glavu, buti, mikono mirefu, na usiwatumie watoto hata kama wanataka kusaidia. Mkipata kizunguzungu au kichwa kikauma, tokeni wote mkapumzike upande upepo unakotoka. Kila mlichokusanya kiende kwenye mapipa au shimo fupi lililotandikwa turubai nzima, mbali na maji, kikae hapo mpaka wenye mamlaka waje kukichukua. Msizike. Msichome wenyewe.

Na vitu vya kutomwaga: sabuni ya aina yoyote, dawa ya kuoshea enjini, wala mchanga. Watu wa mchanga huwa wanabisha sana, ni kweli mafuta yanazama hayaonekani, lakini yamezama kwenye vile viota vya ngege na yatakaa hapo muda mrefu, kila upepo mkali yanaibuka tena.

Watu wakija na dawa

Kama ni tukio kubwa inaweza kutokea kampuni au wataalamu waje wakisema tunapuliza. Usiwapigie kelele na usiwaachie tu. Mwenyekiti na wazee wa mwalo wawaulize kwa heshima, na majibu yaandikwe kwenye daftari mbele yao. Dawa inaitwaje, na imejaribiwa kwenye maji baridi au ya chumvi peke yake? Mafuta haya yana nta kiasi gani, na mmejaribu kwenye chupa kuona kama yanatawanyika? Hiyo ya chupa ni rahisi na inafanyika dakika chache, waambie wafanye mbele yenu. Maji hapa yana kina gani, na hapa ni umbali gani toka bomba la maji na vizimba vya samaki? NEMA wameidhinisha kwa maandishi? Nani atapima maji kabla na baada, na watu watakunywa nini mpaka majibu yatoke? Wakijibu vizuri yote basi mmejadiliana kama watu wazima. Wakikasirika kwa swali la maji ya kunywa, hapo mimi ningesimama mbele ya mtumbwi wao.

Pia jueni haki yenu. Sheria ya petroli ya 2013 inasema mwenye leseni anawajibika kwa madhara ya uchafuzi hata kama si uzembe wake, na sheria ya mazingira ya 2019 imeshika kanuni kwamba anayechafua ndo analipa. Lakini bila ushahidi sheria haikusaidii. Chukua chupa ya kioo iliyo safi, chota juu kabisa ya maji, jaza mpaka mdomoni, funika kwa karatasi ya aluminiamu kabla ya kifuniko, andika tarehe, saa na mahali, weka penye baridi na giza. Chota ingine mahali pasipochafuka ili kuwe na cha kulinganisha. Piga picha zenye kitu kinachojulikana nyuma, mti au jengo. Wavuvi waandike nyavu ngapi zimeharibika na siku ngapi hawakwenda, na mama zetu wa kukausha samaki waandike pia, maana wao ndo husahauliwaga kwenye fidia wakati hasara yao iko wazi.

Kurudi kuvua msiharakishe. Samaki akila mafuta nyama inashika harufu, na samaki mmoja wa harufu ya dizeli sokoni Hoima anaharibu jina la mwalo mzima kwa miezi. Subirini maafisa wa uvuvi wapime waseme. Wakati mnasubiri, kila asubuhi chukua taulo nyeupe kavu, ifunge kwenye kamba na jiwe dogo, izamishe pale mnapovua, uiache kama saa moja, uitoe uinuse kabla haijakauka. Ikinuka au ikiwa na doa, mjue mafuta bado yapo, na kesho mjaribu tena.